Kwa Nini Sikuja Kumzika Ambrose

Kawangware, Nairobi
8 Juni 1996

Dada yangu Filister,

Nakusalimu, ingawa mkono unasita. Naomba barua hii ikukute miguu yako haivimbi tena, na shemeji Khamala awe amepona kile kifua. Sisi huku tunapumua. Mourine anaendelea na shule. Mvua imetuharibia magunia kadhaa ya maharagwe, lakini unga bado unauzika.

Umetuma watu wawili kuniuliza kwa nini sikuja kumzika Ambrose. Wa kwanza nilimwambia nilikuwa mgonjwa. Wa pili nilimwona akivuka barabara, nikatokea mlango wa nyuma. Nimechoka kukimbia. Tafadhali usiisome barua hii sokoni. Isome nyumbani, umekaa chini, Khamala akiwa karibu.

Unakumbuka majambazi walipotuvamia mara ya kwanza, wakampiga Shivachi kwa nondo. Mkono wake wa kulia haukupona. Hata kifungo cha shati namfungia mimi. Alipotoka hospitali alisema lazima mmoja wetu awe na bunduki, na kwa vile mkono wake haukamati kitu, mmoja huyo ni mimi. Nilicheka. Yeye hakucheka. Tukaomba leseni, nikahojiwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikangoja hadi nikasahau, kisha ikatoka. Tukanunua bastola ndogo, ile yenye kikombe cha risasi kinachozunguka, mtutu wake mfupi kama kidole gumba. Ungeiona ungedhani ni ya watoto kuchezea.

Wa kunifundisha alikuwa Mzee Abdulrahman wa Kambi Muru, pale Kibera. Ni Mnubi, polisi mstaafu, na Shivachi alikuwa mpangaji wake zamani kabla hatujaoana. Kila Jumamosi nilimwachia jirani kibanda chetu cha Soko la Toi, nikaenda kwake kwa miguu. Mkewe, Mama Kaltuma, alikuwa akinipa chai ya tangawizi kwanza, halafu anaingia ndani na kufunga mlango. Hakupenda mambo yale, na hakuficha.

Kwa muda mrefu sikugusa risasi hata moja. Mzee alisema watu huidharau bastola fupi, kumbe hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu mtutu mfupi hausamehe mkono unaotikisika. Aliweka shilingi juu ya mtutu, akaniambia nivute kifyatulio pole pole hadi mwisho, shilingi isianguke. Ilianguka na kuanguka. Nililala vidole vikiniuma kama nimefua blanketi siku nzima. Alinishonesha mfuko wa pekee ndani ya mkoba wangu, usiingie ufunguo, wala kitana, wala kitambaa, bastola tu. Nikajifunza kuitoa nimekaa, nimesimama, nimebanwa ukutani. Baadaye akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha, tukaanza risasi za kweli. Ya kwanza nilifumba macho na kupiga udongo. Lakini kufikia mwisho wa mwaka matundu yangu yalikuwa yanakaa pamoja kifuani mwa ile picha ya mtu ya kulengea, na Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Jambo alilolirudia kuliko yote ni mikono. Aliniambia, "Mama Mourine, uso hauui mtu. Mikono ndiyo inaua. Wewe tazama mikono." Akanikataza pia nisimwambie mtu yeyote kuwa nabeba silaha, hata wa nyumbani. Siri ikawa ya mimi na Shivachi tu.

Sitakuficha kitu leo, dada. Nilianza kuipenda. Kwa mara ya kwanza tangu nije Nairobi nilitembea bila kugeuka nyuma kila hatua. Nilijiona mtu.

Wakati huo Ambrose wako alikuwa anaishi nasi. Unajua nilivyompenda. Alikuwa akibeba magunia akiimba, na wateja walimwita kwa jina kuliko walivyoniita mimi. Lakini alipata marafiki kule Laini Saba, akaanza kulala nje, na unga ukaanza kupungua dukani. Shivachi alimfukuza mwezi wa Januari. Wewe nilikuandikia kwamba amepata kazi kwa fundi wa vyuma huko Laini Saba. Hivyo ndivyo alivyoniambia yeye mwenyewe, na sikwenda kuangalia kama ni kweli.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa alasiri ya mvua kubwa, mabati yakipiga kelele, hakuna mteja. Wakaingia watu watatu, wamevaa kofia za sufu zilizovutwa hadi kidevuni, zimetobolewa macho. Mmoja alimshika Shivachi na kumwekea bunduki shingoni. Wa pili alikimbilia droo, moja kwa moja, kama mtu aliyeonyeshwa ilipo. Hao wawili walikuwa wakipiga kelele kwa Sheng, wakisema "lala chini, mathe, lala chini." Wa tatu alisimama mbele yangu, kando ya magunia. Hakusema kitu.

Nilikuwa nimekaa, mkoba mapajani. Sikutazama nyuso, na hata ningetazama zilikuwa zimefunikwa. Nilitazama mikono. Mkono wa kulia wa yule wa tatu ukatoka ndani ya jaketi ukapanda juu kwa haraka. Nikampiga mbili. Mkono wangu haukutikisika, dada. Nilipogeukia wale wengine, walikuwa tayari wametokomea mvuani.

Watu walijaa. Waliniita shujaa, mmoja akaninunulia soda, nikainywa. Niliinywa huku amelala pale. Kisha Shivachi akainama, akaivuta ile kofia kwa mkono wake wa kushoto, akairudisha upesi. Hakuirudisha upesi vya kutosha.

Dada yangu, alikuwa Ambrose. Polisi hawakumuua mwanao. Nilimuua mimi.

Mkononi hakuwa na kitu. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika ukingo wa kofia, ameipandisha hadi mdomoni. Alikuwa anajifunua. Labda alitaka nimjue nisipige mayowe. Labda alitaka wenzake waone kwamba mimi ni mtu wake, wasiniguse. Labda kuna lingine. Mimi sitajua, na wewe hutajua, na aliyelifanya liwe hivyo ni mimi.

Polisi waliandika maelezo yangu, wakaichukua bastola, wakasema nilikuwa najilinda. Mzee Abdulrahman alikuja, hajaambiwa ni nani, akanishika bega na kuniambia nimefanya kama alivyonifundisha. Nilipomweleza, alikaa kwenye gunia. Kilichosemwa huko nyumbani, kwamba alipigwa risasi na polisi huko Laini Saba, kilitungwa na Shivachi alipoleta maiti. Alidhani anakuhurumia, na ananihurumia mimi. Hata sasa hajui naandika. Anasema ukweli hautamfufua mtoto.

Ni kweli hautamfufua. Lakini nimesikia Khamala anauza ng'ombe aje Nairobi kumtafuta askari aliyefyatua. Mwambie asiuze. Nyumba ya aliyefyatua anaijua, amelala humo, amekula humo.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la asubuhi. Nitakuja peke yangu. Sitaingia uani, nitasimama pale nje, penye ua wa michongoma, hadi mmoja wenu atoke. Mkitaka kunipeleka kaburini kwake nitakwenda. Mkitaka kunipeleka kwa chifu nitakwenda. Mkifunga mlango, nitangoja hadi jioni, kisha nitarudi, na sitawalaumu.

Siku zote humaliza barua kwa kuwasalimia watu wa nyumbani mmoja mmoja, na wewe huwasomea kwa sauti. Leo salamu zao ninazo, lakini nazishikilia. Sijui kama bado wanataka kusalimiwa nami.

Ni mimi, niliyenyonya nawe ziwa moja,
Phanice