Kona ya Nne ya Shuka la Noela

Mama yangu uliyelala Kibabi,

Leo nimekukasirikia, na sina mwingine wa kumwambia. Noela, kitinda mimba wako, anaolewa Jumamosi. Shuka la harusi ulilokuwa unamdarizia lina maua ya maharage kwenye kona tatu, na kona ya nne ni nyeupe. Ulikufa kabla hujaigusa. Familia ikaamua niimalizie mimi, na tangu siku hiyo sina raha.

Nimebana kitambaa kwenye duara lako la mbao, nimechora kwa kalamu ya risasi, nimeanza. Ua linatoka. Jani halitoki! Lako limejaa nyuzi zilizolala kwa mshazari, zimebanana, na kitambaa kimetulia. Langu linajikunja kama uso wa mtoto aliyepewa dawa chungu. Nimefumua na kurudia mpaka matundu yanaonekana. Na ile rangi ya kijani ya nyuzi zako haipo tena. Yule mzee, Papa wa Butembo mwenye duka pale Kitchanga, amenipa nyingine, akaniapia, "Iko sawasawa, mama." Haiko sawasawa. Nimeiloweka kwenye maji ya chumvi kama ulivyokuwa unafanya, na bado inachuja.

Unajua kinachoniuma? Miaka yote ile nilikaa kando yako, ng'ombe wakishakamuliwa, na sikujifunza. Kila nilipoanza jani, ulinyoosha mkono: "Leta hapa, uko naharibisha." Ukalimaliza wewe, haraka, vizuri, na majirani wakanisifu mimi. Ulidhani unanisaidia. Mama, ulininyima. Hukuniacha niharibu hata jani moja nilipokuwa na mtu wa kunisahihisha.

Halafu kuna mashangazi wa bwana harusi, wale wa Burungu. Wewe ndiye uliyeniambia wanavyopokea shuka: wanalifungua mbele ya watu, wanaligeuza, wanatafuta mafundo upande wa nyuma. Wakiyaona, wanatazamana tu, na hiyo inatosha kukuaibisha. Nyuma ya kona yangu ni mafundo matupu.

Jana Noela alinikuta nalia kwa hasira, mkasi mkononi, nikifumua tena. Akalichukua shuka, akapapasa kona zako moja moja, kisha ile niliyoichosha.

"Dada, wacha tu ivi," akasema. "Bakiuliza, nitabaambia mama alifikaka hapa."

Nilibishana naye. Nilimwambia ni aibu, watatucheka mpaka harusi iishe. Alichukua mkasi, akafumua nyuzi zangu zote zilizobaki. Alilegeza duara, akalitoa shuka, akaenda kutafuta sabuni.

Alama zangu za kalamu zimetoka zote, Mama, na shuka linakauka uani. Bado nimekukasirikia. Ila Jumamosi wakiligeuza, watakuta kazi yako tu, na mahali ilipokatikia.

Nakuacha upumzike, ingawa mimi sijatulia.

Binti yako mkubwa