Banza Atasema Mbele ya Watu

Baba,

Mama yuko kanisani na wenzake na nyumba imetulia, kwa hiyo nimekaa kwenye kiti chako nikuandikie. Shefu wako wa gereji, Banza, bado yu hai. Nakuambia hilo kwanza, kwa sababu wiki iliyopita nilipata nafasi ya kumwacha afe, na sikumwacha. Usikimbilie kunisifu. Sikufanya kwa wema.

Tangu ulipotuacha, mambo ni haya. Mahindi yamekuwa mengi upande wa Kabongo na malori ya patroni mwenye gereji hayapumziki. Mama amekonda. Kofia yako ya kazi bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, hataki niiondoe. Mimi patroni alinichukua pale gereji, kwenye stoo ya vipuri; nafikiri alituonea huruma, au aliona haya. Watu walishangaa nilivyokubali kufanya kazi mahali palipokuua. Niliwajibu kwamba natafuta chakula. Uongo, Baba. Nilikwenda kumwangalia Banza kwa karibu. Nilitaka kumwona anavyocheka na anavyokula, mtu aliyekuvika jina la mchawi. Kila asubuhi nilimsalimia, "Jambo, Shefu," na moyoni nilikuwa namzika.

Yale ya kuku huwezi kuwa umesahau. Kila lori linapotoka kwa safari ndefu wakati wa mvua, Banza anachinja kuku, anamwaga damu kwenye magurudumu pamoja na unga wa mganga, halafu gereji nzima inamla yule kuku kwenye sahani moja. Na damu ikishamwagwa, spana haigusi tena lori mpaka liondoke, eti chuma kinafungua dawa. Wewe ulikuwa unakaa pembeni na bukari yako, ugali wa nyumbani, na samaki, unainamisha kichwa, unaomba, unakula. "Minyi niko na Mungu yangu, inatosha," ulisema, bila kumtukana mtu. Walicheka. Banza hakucheka. "Muntu mwenye kukatala kula na benzake, iko na kitu anaficha," alisema.

Kisha ikaja ile siku ya lori la Kabongo. Ulisikia breki zinavuja upepo. Sikio hilo ulitaka kunirithisha tangu zamani. Nilipokuwa mdogo ulinishika shingo ukanisogeza kwenye gurudumu nisikie breki. "Sikia, mwana. Frein inalia." Sikusikia kitu, ila nilisema nasikia, ili usiondoe mkono wako. Siku ile uliwaomba wakuachie ufungue gurudumu moja tu. Damu ilikuwa imeshamwagwa. Banza akakusukuma kifuani: "Chuma haigusake tena. Acha kusemea kamyo mabaya." Lori likaondoka, likapinduka kwenye mteremko, na mbebaji mmoja akafa chini ya magunia. Maneno yako, ambayo yangemwokoa yule maskini, ndiyo waliyokushitaki nayo. "Muzee alisema itaanguka, njo yeye aliangusha," walisema.

Hawakukufukuza. Ingekuwa afadhali. Walikunyang'anya spana wakakupa ufagio. Ulipokaa kwenye benchi, walihama. Ulipompa mtu mkono, aliuangalia tu. Ndugu za mbebaji walikuja kupiga kelele mlangoni kwetu, na hadi leo Mama akifika bombani, wanawake wanasogeza bidoni zao za maji zisigusane na yake. Jioni ulirudi na vumbi kwenye nyusi, nikakuomba uache kazi ile, ukanijibu, "Bakinitukana, minyi nafanya kazi yangu muzuri. Ile njo jibu."

Jibu gani, Baba? Presha ilikupanda, ukalala, hukuamka. Watu wa kanisa ndio waliokubeba. Kutoka gereji hakuja hata mmoja, waliogopa eti utawafuata nyumbani kwao. Mimi niliomba uwafuate kweli. Pasta alipoanza kuhubiri msamaha pale kaburini, niliondoka nikaenda kusimama barabarani, na Mama hakuniita.

Sasa sikia ya wiki iliyopita. Mvua zimeanza. Lori la Malemba-Nkulu lilikuwa limepakiwa, na dereva wake ni Kabwe, mtu mpole ambaye mke wake amejifungua juzi juzi. Banza mwenyewe alikuwa anasafiri nalo kwenda kwenye arusi ya binti yake. Alikuwa amevaa shati jipya. Kuku alichinjwa, wakala. Mimi sikula, na wameshazoea kuniita mutoto ya muloji, mtoto wa mchawi. Kabwe akawasha injini. Nilikuwa mlangoni mwa stoo, na nilisikia. Baba, safari hii nilisikia kweli. Upepo mwembamba, gurudumu la nyuma.

Nikanyamaza. Nataka ujue kwamba nilinyamaza. Banza akapanda, akakaa karibu na dirisha, akatoa mkono nje. Nikasema moyoni: nenda. Nenda na kuku wako tumboni. Nilikuona wewe na ufagio wako, nikajisikia vizuri, vizuri kabisa, kama mtu aliyekunywa maji baridi. Sikumkumbuka Mungu kwanza. Nilimkumbuka Kabwe, ambaye hajatukosea chochote. Halafu likaja wazo jingine, na ndilo hilo lililoniinua miguu. Banza akifa leo watamlilia kama mtu mzuri, na hautabaki tena mdomo wa kukuvua uchawi. Utakuwa muloji mpaka mwisho wa dunia.

Nilichukua spana kubwa ukutani, nikapita katikati yao, nikaipigiza kwenye gurudumu. Kisha wakanivamia, mmoja akanivuta nywele, na Banza akaruka chini kwa hasira. "Umefungua dawa. Umetuua," alisema. Nikamwambia, "Dawa imefunguka, Shefu. Sasa ufungue na gurudumu." Dawa ikishaharibika lori haliwezi kuondoka, hiyo ni sheria yao wenyewe, na Kabwe alizima injini akasema hatapanda mpaka aone kwa macho yake. Patroni alitoka kuuliza kelele ni za nini, akaamuru lifunguliwe. Mpira wa breki ulikuwa umechanika, na mtu alikuwa ameuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Mtu huyo ni Banza. Hakuna mwingine aliyekuwa amefanya kazi kwenye gurudumu lile.

Patroni alimtukana, basi, yakaisha. Hawezi kumfukuza, ni shemeji yake.

Siku iliyofuata Banza alikuja stoo, akafunga mlango nyuma yake. Nilishika nyundo. Akakaa juu ya sanduku la boliti, mtu mzima yule, akaanza kulia. "Ile kamyo ya Kabongo pia, njo vile nilifunga frein, nikategemea dawa. Nilijua. Baba yako hakukuwa muloji." Nikamwacha alie. Nilifurahi kumwona, Baba, sikufichi. Nilitamani aendelee mpaka jioni. Akaniomba nimpeleke kwenye kaburi lako, mimi na yeye tu, akuombe msamaha pale.

Nikakataa. Nikamwambia, "Baba yangu anajua tayari kama hakukuwa muloji." Wasiojua ni watu wa gereji, na ndugu za yule mbebaji, na wanawake wa bombani. Kwao ndiko atakakokwenda kusema, mbele ya watu wote, kwa mdomo ule ule uliokuchafua. Akasema ataona haya. Nikamwambia kwamba wewe ulibeba haya yake mpaka ikakuua, na sasa ni zamu yake kubeba kidogo. Akatoka bila kuniaga.

Ningeweza kuisema mimi mwenyewe. Lakini mtoto wa mchawi akisema baba yake hakuwa mchawi, nani atamsikiliza? Hata Mama sijamwambia, maana atakimbia na habari hii bombani na watamcheka. Nataka Banza aseme. Simtaki mwingine.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kusali. Wewe uliomba kimya, pembeni. Mimi kila asubuhi kabla ya kazi nasimama katikati ya ua, naomba kwa sauti. Kabwe anasimama nami, na siku hizi mama anayetupikia anakuja pia, anafuta mikono kwenye kitenge chake. Wengine wanatucheka, ila si kama walivyokucheka wewe. Tangu lile gurudumu lifunguliwe, vicheko vyao vimepungua nguvu. Namtaja Banza kwa jina. Naomba Mungu ampe afya, amlinde barabarani, amwongezee miaka. Wenzake wanadhani namwombea adui yangu kwa moyo mweupe. Yeye peke yake anajua ninachokiomba: aishi mpaka aseme. Anaangalia chini, na jana sahani yake ilirudi jikoni na chakula. Kama hii ni sala ya Mkristo, sijui. Ndiyo niliyo nayo kwa sasa.

Najua ungenikemea. Ungenishika shingo uniambie, "Mwana, achilia." Nimejaribu, Baba, hata leo asubuhi nilijaribu, na hasira haitoki. Nikikuona umeinama na ule ufagio, inarudi yote.

Basi pumzika. Mama nitamtunza, na kofia yako itabaki kwenye msumari wake. Nakuahidi haya: sitamsingizia Banza lolote, sitamtilia kitu kwenye chakula, nikisikia breki yake inalia nitasema hata mara mia, na kuku wao sitamla. Kazi ile sitaiacha, hata wakiniita majina gani. Na siku atakaposimama mbele yao wote akalisafisha jina lako, nitampa mkono na kumsamehe siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama.

Si siku moja kabla.

Binti yako,
Numbi