Mashimo ya Chaute

El Salitrillo, 4 Septemba

Mwanangu Otilia,
Hujambo huko Saltillo? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila kaka yako Fermín ananinyima usingizi. Wamekuja wanaume wawili na gari jekundu, wanatafuta chaute, naye anawapeleka mlimani. Jana nilipanda mteremko ule wa changarawe ya chokaa. Unavijua vidungusi vyetu hivyo vya chaute: bapa, vya kijivu, vimezama ardhini hata unavikanyaga ukidhani mawe. Sasa ni mashimo matupu. Kile cha upana wa sahani, alichonionyesha bibi yako nikiwa mtoto, hakipo! Nilipomuuliza Fermín akacheka: "Mama, ni mawe tu yenye mizizi." Zungumza naye. Mimi hanisikii.
Mama yako, Eduviges

Saltillo, 15 Septemba

Mama,
Shikamoo. Kifua afadhali. Redio inasema askari wamekamata gari jekundu lenye magunia ya chaute za magendo. Fermín alikuwamo? Nijibu, hata mstari mmoja.
Mwanao, Otilia

El Salitrillo, 22 Septemba

Mwanangu,
Mimi mzima wa mwili tu. Hakuwamo. Aliposikia, alibeba begi akatoweka. Polisi wamekuja, nikawapa kahawa, nikalia mbele yao. Tortilla zake naziweka mezani kila jioni, kisha nawapa kuku.
Mama yako

Saltillo, 1 Oktoba

Mama,
Pole sana. Alikuja kwangu, amekonda. Begini mlikuwa na chaute zimefungwa kwa magazeti, mizizi minene kama figili, mingine inaoza. Akataka nimtafutie mnunuzi. Nikamwambia, "Hapa hazilali. Zirudishe." Akaniita askari wa nyumbani, akabamiza mlango. Sijui kaelekea wapi. Nilikosea, Mama?
Otilia wako

Saltillo, 12 Oktoba

Mama, mbona kimya? Amefika?
Otilia

El Salitrillo, 14 Oktoba

Mwanangu,
Tulia, hukukosea. Alifika jana, kachoka, kajaa vumbi. Hakuingia ndani, alipanda mlimani moja kwa moja. Nilimkuta amepiga magoti, vidole vinavuja damu. "Mama, kipi kilitoka shimo lipi? Sikumbuki." Tukapanda vilivyo hai, tukavibana kwa changarawe. Sijui kama vitashika.
Kesho anakwenda mjini kujisalimisha. Nimesema tutakwenda wote. "Mama, usinitie aibu," kasema. Nimeshapiga viatu vyangu rangi.
Mama yako, Eduviges