Kile Kitabu Chetu Kisicho na Mwisho

Projesti, rafiki yangu,

Nimekipata kile kitabu. Kizima, na kurasa zake zote. Kilikuwa kwenye lundo la vitabu vya mitumba pale Bukoba, nikakisoma nikiwa nimesimama barabarani. Laiti nisingekiona.

Unakumbuka chetu kilipoishia? Yule mtoto asiyetakiwa kwao ameingia shimoni, ametokea kwenye nchi ambayo hata miti inamjua jina, mara anasikia mama wa kambo akimwita kutoka juu. Basi. Kurasa zilizobaki watu walishawashia moto. Tukichunga mbuzi kule Kituntu nilikuwa nakuuliza, je, anarudi? Na wewe unafoka, "Harudi! Arudi kufanya nini?"

Wewe ulilitafuta kweli lile shimo. Ukaingia kwenye shimo ambamo baba yako mdogo alikuwa anaivisha ndizi za pombe ya rubisi, ukajifunika majani ya migomba, ukasubiri nchi yako ifunguke. Ndizi zikapondeka, pombe ikaharibika, ukachapwa mpaka nikalia mimi. "Huyu si damu yetu," alisema baba yako mdogo, na wewe ni mtoto wa marehemu kaka yake, eti kwa sababu mama yako hakuolewa. Jioni walikula matoke kwenye jani moja, wewe ukawaangalia kutoka mlangoni.

Ukaenda zako Kamuli. Ukapata kibanja chako cha kahawa, mke, na binti yenu Anita. Ulituambia wazi, mimi na mkeo, "Nikifa nizikeni hapa, kwenye kibanja changu." Ulipolazwa, baba yako mdogo hakuleta hata ndizi moja. Ulipokufa akaja na gari. "Damu yetu haizikwi ugenini," akasema, wazee wakaitikia, mkeo akaambiwa anyamaze. Wamekuzika Kituntu, Projesti, kwenye kibanja ambamo ulinyimwa hata mgomba mmoja, karibu kabisa na lile shimo. Na alilia kuliko sisi sote, mnafiki yule. Nilitamani nimsukumie kaburini akulilie vizuri.

Na kwenye kitabu? Anarudi, rafiki yangu. Anarudi, anamwomba mama wa kambo msamaha, yeye ndiye anayeomba, kisha wanakula pamoja na hadithi inaisha. Aliyeandika hivyo angekaa vizuri sana na wale wazee wako.

Anita ameanza kusoma. Aliniuliza kama ninacho kitabu cha ile hadithi uliyokuwa unamsimulia, nikamwambia ninacho. Nitampelekea Jumapili baada ya kanisa. Kurasa za mwisho nimeshazichana, zimewasha moto wa matoke ninayopika sasa hivi. Najua ataniuliza nilivyokuuliza mimi. Nakuahidi, nitamjibu kwa sauti yako ileile na hasira yako ileile, kwamba harudi.

Kwaheri, Projesti. Ningekuambia lala salama, lakini sijui kama hapo panalalika.

Editha