Hedifoni Siiweki Mezani

Suna, Migori
Jumanne, 16 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Mwikwabe,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Suna, na uzigawe kwa kila mtu hapo nyumbani kabla hujaendelea kusoma, maana ukifika mwisho huenda ukakosa hamu ya kusalimia watu. Baba anaendeleaje na kidonda chake cha upasuaji? Bado anagombana na uji usio na sukari? Na Mama, mgongo umempa nafasi siku hizi? Mwambie wifi Rael kwamba viazi alivyonifungia vilifika vyote, na vimekwisha vyote. Mimi mwili wangu ni mzima. Moyoni nina hasira, kaka, na sitakuficha.

Ujumbe wako wa sauti niliupata Ijumaa. Nimeusikiliza mara nne ili nisije nikasema umesema usichosema. Umesema wazee wamekaa. Umesema Jumamosi hii nije nimwombe Baba msamaha mbele ya watu walewale waliokuwa kwenye sherehe ya shukrani, kwa sababu aliniita mara tatu nikakataa kusimama. Halafu ukamaliza hivi: "Uje na mbuzi, na hiyo kitu ya masikio uiweke mezani. Ukikataa, usiseme tena hapa ni kwenu." Nimeamua kukujibu kwa karatasi kwa sababu kwa simu wewe hunikatiza kabla sijamaliza hata kuuliza hali. Okari wa mikate atakuletea Kehancha mkononi, asimpe mtu mwingine.

Jibu langu nalitoa mapema ili usilitafute. Mbuzi sileti. Hedifoni siiweki mezani. Jumamosi nakuja. Sasa kaa chini nikueleze.

Mnasema hapo nyumbani kwamba mimi nashinda nikisikiliza miziki. Hakuna anayejua kazi yangu kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Kuna ofisi ya utafiti Homa Bay inayozunguka sokoni na ufuoni kuwahoji watu: wavuvi, wauza omena, akina mama wa vikundi. Mazungumzo yanarekodiwa, nami naletewa sauti niiandike neno kwa neno. Mwezi uliopita nilikuwa na rekodi za ufuoni Kisegi. Mzee anaeleza jinsi nyavu zake zilivyopotea, na nyuma yake kuna injini ya boti, kuna upepo, kuna bata. Nikikosea neno moja, nimemsingizia mzee wa watu jambo ambalo hakusema. Odhiambo, msimamizi wangu, huipima kila kazi, na kwa miaka miwili hajanirudishia hata ukurasa.

Na kazi hiyo naifanyia katika chumba kilichopakana na kinu cha kusaga unga upande mmoja, na fundi wa kuchomelea mageti upande wa pili. Bila hedifoni ya kuzima kelele, singemaliza hata dakika kumi za mzee wa Kisegi.

Unapoisema "hiyo kitu" kama unayesema taka, nakumbuka wewe na pikipiki yako. Kila Jumapili baada ya kanisa unafungua chujio la hewa, unalipiga-piga, unapaka mnyororo mafuta, na ole wake mtoto atakayekugusia spana. Hakuna aliyewahi kukuambia unaabudu pikipiki. Basi mimi nina yangu. Hedifoni hii ina vitundu vidogo nje, na ndani yake kuna maikrofoni zinazosikiliza kelele, halafu mashine inatoa sauti ya kuipinga na kelele inazama. Vumbi la unga likiziba vile vitundu, inapinga kelele isiyokuwepo. Kwa hiyo kila jioni naiinamisha vitundu vitazame chini, napitisha mswaki laini mkavu ili vumbi lidondoke badala ya kuingia. Sipulizi kwa mdomo, mate ni maji. Sichokoi kwa pini. Mito yake naifuta jasho kwa kitambaa kikavu, maana ile mito ndiyo mlango: isipokumbatia sikio vizuri, kelele inapita pembeni na kazi yote ya mashine ni bure. Ndiyo sababu sisuki nywele nene wala kuvaa kilemba nikiwa kazini, hata Rael akinicheka kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Siiachi dirishani juani, siitundiki msumarini ikatanuka. Inalala kwenye kasha lake. Simu ikisema ina sasisho jipya la hedifoni, naweka bando na kulipakua.

Ninayemwamini nayo ni mmoja tu, Dahir, mwenye duka la simu karibu na stendi. Mwaka jana nilimpelekea abadilishe soketi ya chaji. Akaijaribu masikioni mwake, akaitoa, akaitazama, akaivaa tena. Akaniambia, "Huku kushoto kumekufa kitambo, dada. Wewe hukusikia?" Nikamjibu eti nilikuwa na shughuli nyingi. Hakuniuliza tena. Aliunganisha waya uliokatika, akanirudishia, na tangu siku hiyo nikiingia dukani kwake anazunguka meza na kusimama kulia kwangu kabla ya kunisalimia. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye ile siku. Kosa la kwanza ni langu, nalikiri. Mito ilikuwa imeanza kukauka na kubanduka maganda tangu Juni, na Dahir alikuwa ameniagizia mingine. Sikwenda kuichukua. Nilikuja nyumbani na mito mibovu, nikasema itanivusha siku mbili.

Asubuhi ya sherehe nilikwenda mtoni na watoto wa Rael kuteka maji. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, uso umejaa furaha, na hedifoni yangu iko juani juu ya ungo, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Alikuwa ameiona ngozi yake imepasuka akaionea huruma. Akachukua mafuta ya kukamulia ng'ombe, yaleyale anayopaka visigino na matiti ya ng'ombe na midomo ya wajukuu, akaipaka yote. Mito, utepe wa kichwani, na vile vitundu akavijaza kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, kwa sababu navyo aliviona vimekauka. Akaniambia ngozi ikipasuka haiachwi hivyo. Ungefanya nini, Mwikwabe? Nilimshukuru. Nikaingia ndani nikafuta kwa kitambaa hadi mkono ukachoka, lakini mafuta yale yakishaingia hayatoki. Nilipoiwasha ilipiga mluzi.

Unakumbuka mlivyopanga hema. Jenereta nyuma yetu, spika mbili kubwa mbele, na mimi nikakalishwa na wanawake safu ya nne, Baba akiwa mbali upande wa kushoto. Nilimwona Rael akiniashiria nivue hedifoni. Niliyaona na macho yako yakinitazama. Sikuvua, nanyi mkajua mnachojua: Scovia amejifungia masikio Baba akiongea.

Kaka, sikuivaa ili nisimsikie Baba. Niliivaa ili nimsikie.

Hedifoni ikiwa nzima, nikiwa sijaweka wimbo wala rekodi, inaushusha mngurumo wa jenereta na sauti ya mtu inabaki, nyembamba lakini ya kueleweka. Hivyo ndivyo nilivyomsikia mhubiri kwenye mazishi ya shangazi, hivyo ndivyo ninavyoenda mikutano ya Homa Bay. Siku ile, kwa mafuta yale, nilipata mluzi na jenereta kwa pamoja. Ningeivua ningebaki kama kuku anayegeuza shingo kutafuta sauti imetoka wapi, watu wote wakiniangalia. Niliona aibu. Nikaiacha masikioni nikitumaini nitasoma midomo, na Baba alikuwa na kipaza sauti mdomoni.

Kwa hiyo Baba alipowaita watoto wake mmoja mmoja awaombee, nilikuona wewe ukisimama, nikamwona Liz akisimama. Baada ya Liz ni mimi, hilo najua, lakini Baba alivuta pumzi nikadhani anapumzika kwa sababu ya kidonda. Nikangoja. Niliyemwona akifuata ni Bravin, mtoto wa mwisho, anatembea kwenda mbele huku ananitazama kama mtu aliyeniibia. Rael akanigusa bega. Wakati huo nilikuwa nimeshaitwa mara tatu. Baba alikuwa ameshasema kwenye spika, "Scovia amekataa," na mimi peke yangu katika hema lile sikuwa nimesikia.

Nilijua maneno hayo kutoka kwako, jioni, ukinitupia mbele ya watoto. Mzee aliyetoka hospitalini akamshukuru Mungu na kumwita binti yake, akamwona amekaa. Huwezi kujua inavyoniuma. Nimemlilia Baba hapa Suna siku nyingi kuliko ulizoketi na wazee wako.

Sasa utaniuliza kwa nini mtu mwenye masikio mawili ahitaji mashine kumsikia baba yake. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu salamu.

Sina mawili. La kushoto halisikii. Si kwamba linasikia kidogo, wala kwamba linagoma siku za baridi tu. Halisikii kabisa, limekufa kama waya wa Dahir, ndiyo maana upande ule ulikaa umekatika miezi mingi nami nisijue. Dahir aliligundua kwa kushika hedifoni. Ninyi mmeishi nami miaka thelathini na moja.

Nilikuwa darasa la saba. Nilikuwa nalinda ndama nikisoma kitabu, wakaniponyoka wakaingia kwenye kitalu cha miche ya tumbaku. Ulikuja mbio kutoka shambani. Hukunipiga fimbo, hukunitukana. Ulinipiga kofi moja la mkono wa kulia, hapa kushoto, ukaenda kufukuza ndama. Nadhani hukumbuki. Mimi nilisikia mlio kama wa nzi, ukavuma siku tatu, halafu ukanyamaza na kila kitu upande ule kikanyamaza nao. Usaha ulipotoka nilimwambia Mama kuna mdudu aliingia. Akapasha mafuta yaleyale ya kukamulia kwenye kijiko akanitia sikioni, akanipulizia, akaniambia litapona. Nilimwambia limepona. Nilikuogopa wewe, na niliogopa kutolewa shule.

Tangu hapo nimekaa ukutani, kushoto, katika kila darasa, ili watu wote wawe kulia kwangu. Walimu waliniita mwenye maringo. Nyumbani mnaniita mwenye dharau. Nimebeba majina yote mawili bila kujibu. Nimejifunza kazi ya kusikiliza, kaka, kwa sikio moja, na naifanya kuliko wenye mawili. Kwa hiyo usinitumie sauti kuniambia nikaweke mezani kitu kinachonifanya nisikie. Fimbo ya mzee haiwekwi mezani. Miwani ya Baba haijaitishwa kikao.

Sikuandika haya ili nikutoze kitu. Ukileta mbuzi nitamrudisha na wewe. Wala usimwambie Mama habari ya mafuta, ya safari hii wala ya ile ya kwanza. Alifanya alichojua, kwa upendo, na nitakasirika sana nikisikia ameambiwa aliharibu. Baba nitamweleza mwenyewe, nikimsogelea. Kuhusu kofi, hilo nakuachia wewe uamue kama utasema au utanyamaza. Mimi nimelisema hapa mara moja.

Jana nilikwenda kwa Dahir. Ametoa mito iliyolowa mafuta akaitupa, akafungua ganda akasafisha maikrofoni kwa kemikali yake, akaweka mito mipya. Niliijaribu pale pale mlangoni kwake, wapiga debe wakipiga kelele, malori ya mchanga yakipita. Kimya kilishuka, na ndani ya kimya nikamsikia mwanamke ng'ambo ya barabara akimhesabia mteja nyanya.

Nakuja Jumamosi na gari la saa tatu. Nitaivaa hedifoni yangu mbele ya wazee wote, nitakaa kiti cha mbele, kushoto kwa Baba ili awe kulia kwangu, na nitamwomba aniite tena. Mara moja itatosha. Anayeona vibaya aangalie pembeni.

Wasalimie Liz na Bravin, umwambie Bravin simlaumu, alikwenda kwa sababu aliitwa. Mpe Mama pole ya mgongo. Mpe Baba mkono wangu. Nawe nakusalimia pia, kwa sababu bado ni kaka yangu, na ukiwa na jambo la kuniambia Jumamosi, lolote lile, usilipige kelele. Njoo tu usimame kulia.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakukataa,
Scovia Wegesa