Kaloli wa Makopo

Jumatatu, 1 Machi 1976
Mvua asubuhi. Lori la taka halijapita huku Mengo tangu Krismasi. Kaloli kumi na wanne juu ya jalala. Nilipokuwa nikifundisha elimu ya viumbe, ilibidi niwapeleke wanafunzi mbali kumwona mmoja tu. Ndege huyu mrefu mwenye kipara hufuata uozo. Akiongezeka yeye, ujue sisi tumeharibu kitu. Hilo ndilo nataka sanamu tunayoiunda na fundi wa Katwe iseme.

Alhamisi, 4 Machi
Katwe, karakana ya Rajabu, fundi bati. Mwili ni makopo ya maziwa, shingo ni bomba la moshi la gari. Kila mguu kautia vidole vitatu. Nikamweleza: vitatu mbele, kimoja nyuma, bila hicho ndege huyumba. Nilieleza hadi chai ikapoa.
"Mwalimu, hata ndege mwenyewe hajui hii yote."
Mshono wa kifuani ni mbaya. Nimeuficha kwa vizibo vya soda, safu tatu. Vinang'aa. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 6 Machi
Ndege amesimama mlangoni pa karakana. Muuza misumari wa jirani kampigia saluti. "Jambo, afande! Medali mingi hivi, ulipigana vita gani?" Mtaa mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Sikuwa nimeona medali. Sasa sioni kingine; mwenye kifua cha namna hiyo nchini ni mmoja tu, Rais. Nikamwambia Rajabu tutaving'oa Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Mjinga mimi.

Jumatatu, 8 Machi
Tumechelewa. Sajini na askari wawili.
"Mzee, hii ndege ni nani?"
Nikaeleza. Taka, uozo, lori lisilopita. Akaniacha nimalize.
"Kwa hivyo serikali ndiyo mchafu?"
Wamemchukua Rajabu, kwa kuwa karakana ni yake. Mimi nimeachwa kwa ajili ya mvi. Ulimi wangu umemponza. Naogopa.

Jumatano, 10 Machi
Lango la kambi, Makindye, tangu saa moja asubuhi. Niko na Zaina, mke wa Rajabu. Hajala tangu juzi. Kaniomba kitu kimoja: "Mwalimu, leo usifundishe."
Saa nane sajini akatoka. Swali lilelile.
"Ni takataka, afande."
Maneno matatu. Akacheka. "Sasa umesema vizuri. Vunja yote, kesho nisione."
Nimemvunja mwenyewe, kwa nyundo ya Rajabu.

Ijumaa, 12 Machi
Rajabu amerudi. Mkono wa kushoto haukunjiki. Sikuuliza.

Jumapili, 21 Machi
Rajabu na Zaina wamekuja nyumbani. Wameniletea jiko la makaa. Nimeyatambua makopo. Kizibo hata kimoja hakuna. Majiko yote ya Rajabu huwa na miguu mitatu. Hili lina minne, mitatu mbele, mmoja nyuma. Akalitua sakafuni, akalisukuma kidogo kwa mkono wa kulia. Halikuyumba.
Zaina akachemsha chai. Tukainywa ingali moto.