Shibiri Saba na Vidole Vinne

Baba,

Ndege yako imetoka nyumbani. Nakuambia hilo kwanza, maana yaliyobaki hayanitoki vizuri. Iko Shituru, ndani ya hangari ya Papa Delphin, mwenzako wa karakana tangu ujana. Mabawa tuliyafungua kabla ya kuitoa, tumeyaegemeza ukutani na kuyafunika kwa vitenge vya Mama. Mvua haiyafikii. Lakini ndege imeumia, Baba, na aliyeiumiza ni mimi.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Ulikuwa unanikatiza kila nilipoanza hadithi kwa mwisho.

Tulipomaliza matanga, Baba Mdogo alisimama uani mbele ya familia akasema vitu vya marehemu vigawanywe, kama desturi. Nguo zako, redio, kitanda, hakuna aliyebisha. Ilipofika zamu ya ndege akacheka kidogo. "Ile ndeke haikurukaka hata siku moja, mwenyewe akiwa muzima. Sasa nani ataiendesha?" Akamaliza hivi: "Samedi niko nakuya na bantu ba mitraille." Jumamosi, na wanunuzi wa vyuma chakavu, Baba. Mashine, injini yenyewe, gunia hili, aluminiamu gunia lile, na miaka yako tisa ya kuiunda imekwisha. Nilitaka kusema neno. Nilifungua mdomo, nikajikuta nauliza kama watu wote wameshakula.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Sokoni Kikula nabishana na kila mtu juu ya samaki wangu wa ziwa la Tshangalele, nikifika kwa ndugu zako nageuka maji.

Papa Delphin ndiye aliyenishika bega baadaye akasema ana hangari tupu na pikapu inayotembea. Tuitoe Ijumaa, kabla hawajaja. Kilichokosekana ni kimoja tu, cha kuivutia. Ulikuwa hujakitengeneza. Kila mara ulisema utakifanya siku ya kuipeleka uwanjani, na siku hiyo haikufika.

Papa Delphin alileta kamba nene. Nikamkumbusha mteremko wa kwenda relini: kamba huvuta tu, haizuii, na ndege haina breki, ingeshuka ikaipanda pikapu mgongoni. Akaleta chuma cha kuvutia trela ya pikipiki. Kizito, halafu ncha zake hazikuingia kwenye matundu ya ekseli ya gurudumu la mbele. Mmoja wa wanakwaya wa kanisani waliokuja kutusaidia akashauri tushike helisi, ile feni ya mbao ya puani, tuvute kwa mikono. Nikasikia sauti yako kabisa, ule mwaka niliponing'iniza taulo pale kama kwenye kitasa: "Helisi haiko poignée ya mulango, Mama!" Ulikuwa ukiniita Mama hata ukiwa na hasira, kwa sababu nina jina la mama yako.

Basi nikafungua daftari lako. Nikakuta umekichora: bomba la maji, mbele limegawanyika kama uma, na pini mbili za kuingia kwenye ekseli, moja kila upande. Chini yake umeandika urefu wa bomba: *Barre, shibiri saba na vidole vinne.* Hakuna sentimita hata moja. Daftari zima hivyo hivyo, Baba, shibiri na vidole kutoka ukurasa wa kwanza. Wewe uliyefanya kazi miaka yote na vipimo vya kampuni! Nilipokuuliza zamani ulinionyesha kiganja chako chenye alama za moto. "Metre inapoteaka. Mukono haipotee."

Umepotea, Baba. Mkono umepotea.

Papa Delphin alikunja mkono wa shati. "Acha nipime na mukono yangu. Minye na papa yako tulikuwa kimo moja." Alisema kwa upole. Mimi nikamjibu kwa ukali, mbele ya watu waliokuja kutusaidia: "Minye njo mutoto wake!" Nikapiga magoti nikalipima bomba mwenyewe. Mkono huu ndio unaonilisha. Kila asubuhi nawachambua samaki kwa shibiri yangu, wa shibiri moja huku, wa nusu kule, na hakuna mteja anayebisha. Kwangu shibiri ni shibiri. Lakini nisikudanganye, haikuwa hesabu. Niliona wivu. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uingie mahali pa mkono wako.

Mchomeleaji akalikata nilipoweka alama. Pini tulizilinganisha na ekseli yenyewe, zikaingia bila kugongwa, nami nikaona fahari. Ijumaa asubuhi tukafunga upande wa pili kwenye pikapu. Ndege ikasogea. Baba, ilisogea! Uani pale pakabaki mistari mitatu ya magurudumu na jani moja la mhogo limelala katikati. Majirani wakapiga makofi. Ikaenda moja kwa moja hadi getini, nafasi kati ya helisi na pikapu ilitosha kabisa.

Getini ilibidi ikate kona kuingia barabarani. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu, naangalia ile alama nyekundu uliyopaka, kwa maana ulinifundisha kwamba gurudumu likipindishwa kupita pale, mguu wa mbele unavunjika. Macho yangu hayakuondoka kwenye alama. Gurudumu halikupita. Nilikuwa nainua mkono kumwambia Papa Delphin aendelee, nikasikia juu ya kichwa changu mlio mkavu.

Bawa la helisi liligonga kona ya pikapu. Limevunjika, limeachia kipande kirefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Mti ule mwekundu uliouchonga misimu miwili ya mvua, ukiupaka mafuta kwa soksi yako. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu. Papa Delphin aliokota kipande, akakipangusa vumbi, akanipa. Bomba lingekuwa refu zaidi kidogo, pikapu ingekata kona bila kuifikia.

Unajua kilichonijia palepale, nikiwa nimesimama barabarani? Glavu. Zile glavu nyeupe nilizokuvalisha mochari. Walisema ni saizi ya wanaume wote, na zikakataa kukuingia. Nilivuta kidole kimoja kimoja, nikakuomba msamaha kila nilipovuta, na dole gumba lako la kulia likabaki nusu nje. Niliushika mkono wako saa nzima nikiulaumu ukubwa wake. Halafu siku chache baadaye nikapima shibiri zake kwa mkono wangu mdogo. Mtu anasahauje kitu kama hicho? Niambie, kwa sababu mimi sijui.

Tulimalizia safari polepole, watu wawili wakiishika mkiani kwenye kila kona.

Jumamosi Baba Mdogo alikuta ua mtupu. Majirani wakamwambia, akaja Shituru na watu wake wa mitraille nyuma. Nilikuwa nimekaa chini, kipande cha helisi mapajani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, ya kutosha. Yote yakayeyuka. Nikamwambia tu: nilipima vibaya.

Hakupiga kelele. Aliliangalia bomba, bado limefungwa kwenye gurudumu. Nikamsomea ulivyoandika. Akachuchumaa, magoti yakalia kama yako, akaweka kiganja kwenye uma na kuanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Baba, sikuwahi kuuangalia mkono wa mdogo wako. Kidole cha mwisho kimepinda kuelekea ndani. Dole gumba pana, ukucha mfupi. Ni mkono wako. Miaka yote hiyo mkono huo ulikuwa unakuja nyumbani kwetu kila sikukuu, unakula nasi sahani moja, na mimi nilikuwa naukimbia.

Kwenye ya sita bomba likaisha. Yeye hakuacha. Aliendelea kuhesabu hewani, ya sita, ya saba, kisha akabana vidole vinne na kuvisimamisha pale ambapo hapakuwa na kitu. "Njo hapa ilipashwa kuishia." Akabaki hivyo, mkono umesimama hewani. Nililia, Baba. Alilia pia, ila aligeukia ukutani.

Sasa usidhani mambo yamekaa sawa. Aliwaambia watu wa mitraille waondoke siku ile, basi. Habari ya mashine alisema si yake peke yake, familia itakutana Jumapili baada ya ibada. Najua wanavyosema. Najua pia kwamba nitakaa kwenye kiti cha nyuma na kuuliza nani hajapata chai. Sina nguvu ya kuizuia, na hakuna fundi hapa anayeweza kuchonga helisi nyingine.

Nilimwomba Baba Mdogo jambo moja tu. Nilitandika kartoni sakafuni, akaukunjua mkono, nikauzungushia penseli. Ninao sasa. Bomba jipya liko kwa mchomeleaji. Huenda Jumapili watachukua mashine, nami nitabaki na chuma kilichopimwa barabara, cha kuvutia ndege isiyo na mashine wala helisi. Nitakitengeneza hata hivyo, na alama nitaiweka kwa kartoni hiyo, mkono wangu ukiwa mfukoni. Hilo nakuahidi, kwa sababu ndilo pekee ninaloliweza.

Msalimie Mama. Mwambie vitenge vyake vinafanya kazi. Na unisamehe zile glavu.

Mimi, uliyeniita Mama.